Kwa mzazi wa Katuba: kazi ya ushauri si ya watoto wa Ulaya peke yao

Bwana Mhariri,

Katika toleo lenu lililopita, mzazi mmoja wa kata ya Katuba, hapa Lubumbashi, aliandika kwa uchungu kuhusu binti yake, anayemaliza masomo ya uchumi katika chuo kimoja cha hapa mjini, ambaye amesikia habari za makampuni makubwa ya ushauri wa uendeshaji wa biashara na sasa hataki kuambiwa habari ya kazi nyingine. Mzazi huyo anaiona ndoto hiyo kuwa ni ya kumpotezea mtoto miaka, kwa sababu, anasema, kazi hizo zimewekwa kando kwa ajili ya watoto waliosomeshwa Ulaya na Afrika Kusini, na isitoshe ni kazi ya kuuza maneno. Naomba nafasi nimjibu kwa heshima zote. Mimi nimezaliwa na kusomea Lubumbashi, kuanzia shule ya msingi mpaka shahada. Nimeshindwa usaili wa makampuni ya namna hiyo mara mbili, nikafaulu mara ya tatu, na leo ushauri ndio unaolipa kodi ya nyumba yangu na karo ya wadogo zangu.

Lipo jambo ambalo mzazi ameliona sawasawa, nami sitalificha. Makampuni kama McKinsey, BCG na Bain hayatafuti vijana kila mahali kwa kipimo kimoja. Yana vyuo vichache yanavyovipenda. Huko ndiko yanakopeleka watu wao kuzungumza na wanafunzi, kuwaeleza kazi yenyewe na kuwafanyisha mazoezi ya usaili, na barua za maombi kutoka huko husomwa na wafanyakazi waliokaa katika madarasa yaleyale. Anayetoka chuo kisichotembelewa anajaza fomu ileile kwenye mtandao, ila fomu yake inaangukia lundo lingine. Lauren Rivera, mwanasosholojia wa Northwestern University huko Marekani, alichunguza jinsi makampuni ya ushauri, ya sheria na benki za uwekezaji yanavyoajiri, na katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 2015 alionyesha kwamba mwombaji wa nje ya orodha kwa kawaida hakupata hata bahati ya kusomwa vizuri, isipokuwa mtu wa ndani amelitaja jina lake. Na kwamba hata ndani ya chumba cha usaili, msaili alivutwa na yule aliyefanana naye kwa michezo, safari na malezi. Hayo yalikuwa ya Wamarekani kwa Wamarekani wenzao. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina mizizi tangu katikati ya miaka ya 1950, mji ulipokuwa bado unaitwa Elisabethville, lakini umri huo haukiingizi katika orodha ya mtu wa ajira aliyeko London.

Hata hivyo, kutoka hapo hadi kusema mlango umepigwa kufuli ni safari ndefu, na nadhani mzazi ameiruka. Kwa maoni yangu, kinachowaangusha vijana wetu kuliko hata jina la chuo ni kwamba mtihani wa kuingia huko ni wa kufikiri kwa sauti mbele ya mtu usiyemjua, ilhali sisi tumelelewa katika kununua silabusi ya mwalimu, yaani kijitabu cha masomo yake, kuikariri usiku kucha na kuirudisha ilivyo siku ya mtihani. Mwanafunzi anayeuliza "kwa nini" katika ukumbi uliojaa mpaka madirishani anaonekana kuwa anamchelewesha mwalimu na kuwaudhi wenzake. Kisha siku moja anakutana na msaili ambaye hana haja na kitu kingine chochote ila hiyo "kwa nini".

Nieleze yaliyonipata. Usaili wangu wa kwanza ulikuwa kwa simu, saa nne asubuhi. Umeme ulikuwa umekatika tangu usiku, nami nilikuwa nimekwenda Kamalondo kwa rafiki yangu mwenye jenereta, anayechajia watu simu, nikaketi nyuma ya kibanda chake nikiwa nimevaa shati jeupe na tai ambayo hakuna aliyekuwa akiiona. Msaili alikuwa mama mwenye adabu nyingi. Aliposikia Kiingereza changu kinakwama aliniruhusu nijibu kwa Kifaransa, akaniuliza: malori yanayovuka mpaka wa Kasumbalesa, kati ya Kongo na Zambia, yanatumia matairi mapya mangapi kwa mwaka? Nilicheka, nikidhani ananitania ili nitulie. Aliponyamaza ndipo nikajua kwamba hilo ndilo swali. Nikamjibu kwamba takwimu hizo zingepatikana kwa watu wa forodha. Akasema, "Hapa tulipo hatuna takwimu za forodha. Tufikiri pamoja." Nami, badala ya kufikiri, nikamsomea maana ya ugavi na mahitaji kama ilivyoandikwa kwenye silabusi ya mwaka wa kwanza. Usaili uliokuwa uchukue dakika arobaini ulikwisha kabla ya dakika kumi na tano.

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba mambo ya matairi ya Kasumbalesa niliyajua kuliko yeye. Mjomba wangu aliendesha malori katika njia ya Dar es Salaam. Nikiwa mtoto nilipita naye mpakani mara nyingi, na ndiye aliyenifundisha kutofautisha kwa kidole tairi jipya na lililovishwa mpira upya. Kama ningemkumbuka mjomba badala ya silabusi, ningesema hivi. Lori kubwa lenye tela na ekseli sita lina matairi 22: mawili mbele, na manne kwa kila ekseli tano zinazofuata. Kutoka Dar es Salaam hadi mpakani ni karibu kilomita 2,000, kwa hiyo kwenda na kurudi ni 4,000. Tuseme tairi moja, kwa barabara zile na mizigo ile, linadumu kilomita 80,000. Basi linamaliza safari ishirini. Matairi 22 yakigawanywa kwa safari ishirini, kila safari ya kwenda na kurudi inakula tairi moja na kidogo. Baada ya hapo unabaki kukadiria ni malori mangapi yanavuka kwa siku, ni mangapi yanakwenda Dar es Salaam na mangapi yanaelekea Durban, ambako ni mbali zaidi, kisha unazidisha. Mama yule asingejali kama nimesema 80,000 au 60,000. Alichotaka kuona ni kama najua ni namba zipi zinahitajika, kama naweza kuzifunga pamoja bila kikokotoo, na kama mwishoni nitasimama na kujiuliza ikiwa jibu lina akili. Tairi moja kwa safari: mjomba angetikisa kichwa na kusema ndiyo, ni hivyohivyo.

Usaili wa namna hiyo wenyewe wanauita kisa. Unapewa biashara yenye shida, labda kiwanda ambacho faida yake imeshuka au kampuni inayotaka kuingia nchi mpya, nawe unatakiwa uipasue shida hiyo vipande vipande mbele ya msaili, useme utaanzia wapi na kwa sababu gani, uombe namba unazozihitaji, uhesabu, kisha utoe uamuzi kana kwamba mkurugenzi mwenyewe yuko mlangoni na ana dakika moja tu. Kando ya kisa kuna mazungumzo kuhusu maisha yako: lini uliwaongoza watu, lini ulikataliwa ukaendelea, lini uligombana na mwenzako mkamaliza kazi pamoja. Hapo vijana wetu hujidharau bure. Nimemsikia mwanafunzi akisema hana la kusimulia, na ni yeye aliyekuwa katibu wa kwaya ya watu sitini, akikusanya michango yao ya sare na ya usafiri kwa miaka miwili, na kuwatuliza walipotaka kugawanyika. Baadhi ya makampuni yametanguliza pia jaribio la kompyuta. Lile la McKinsey linaitwa Solve, na katika matoleo yake ya awali mwombaji aliambiwa aunde mazingira ambamo viumbe wanakula na kuliwa bila mmoja wao kutoweka. Haliombi ujuzi wa biolojia wala wa uhasibu, ila linaomba umeme na mtandao usiokatika, kwa hiyo ni afadhali kulifanyia ofisini kwa mtu mwenye betri kubwa kuliko kubahatisha nyumbani.

Kila Jumamosi, kwa muda sasa, nakaa na vijana wachache hapa Kampemba tukifanya mazoezi ya visa. Majuzi niliwauliza: kata ya Katuba inatumia magunia mangapi ya makala, yaani makaa ya kupikia, kwa mwezi? Dada mmoja akashika chaki. Akasema tuseme kuna watu 300,000, watu sita kwa nyumba, basi nyumba 50,000. Nyumba nne katika kila tano zinapikia mbabula, yaani jiko la makala, basi 40,000. Gunia moja linadumu siku ishirini, maana yake kila nyumba inatumia gunia moja na nusu kwa mwezi. Jumla magunia 60,000. Nikamwambia alinganishe na anachokiona barabarani. Akasema lori likibeba magunia 200, hayo ni malori 300 kwa mwezi, yaani kumi kila siku. Akasita. Akasema hajawahi kuona malori kumi ya makala yakiingia Katuba kwa siku moja. Kijana aliyekaa nyuma, ambaye mama yake anauza makala, akamkumbusha kwamba wale wanaosukuma baiskeli kutoka porini usiku, kila mmoja na magunia yake mawili au matatu, hawahesabiki kwenye malori. Kisha akaongeza kwamba siku ishirini ni za nyumba isiyochemsha maharagwe. Tulicheka sana, lakini nikawaambia hayo mawili aliyoyasema ndiyo ushauri wenyewe. Kukadiria ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kujua mahali ambapo hesabu yako imepofuka, na hilo anayelala na kuamka katika mji huu analijua bila kusomeshwa.

Sasa niseme juu ya lile lundo la fomu, kwa maana mtu anaweza kujua visa vyote na asiitwe kamwe. Dawa niliyoiona ni moja: jina lako litajwe na mtu aliye ndani kabla fomu yako haijafika. Hapa kwetu jambo hili linaeleweka vibaya. Wengine wanaliita kupenyeza bahasha, wengine wanaona aibu, kana kwamba kumwandikia mtu usiyemjua ni kuombaomba. Mimi nilianza kwa barua za namna tuliyofundishwa, zinazofungua kwa "nina heshima kubwa ya kujileta mbele ya wema wako mkuu" na kufunga ukurasa mzima baadaye kwa shukrani zilizotangulizwa. Hakuna aliyejibu, na leo nikizisoma siwalaumu. Baadaye niliandika sentensi nne tu: mimi ni nani na nasoma wapi, nimeona kwamba wewe pia umetoka Kongo, au umefanya kazi ya migodi, ninajiandaa kuomba mwaka huu, je, utanipa dakika kumi na tano za simu ili nikuulize maswali mawili kuhusu kazi yako? Sikuomba kazi. Niliandika barua thelathini, wakajibu wanne. Mmoja wa wanne hao, Mkongomani aliyekuwa Johannesburg, alinifanyisha visa vitatu kwa simu usiku, akanisema vikali, na mwishowe akampelekea jina langu mtu wa ajira. Nilishindwa na hapo pia, lakini nilishindwa katika duru ya mwisho, nikiwa nimejua nimekosea wapi.

Yapo mambo madogo ya karatasi ambayo chuo kinachotembelewa na waajiri kinawafundisha wanafunzi wake, na sisi tunayagundua tukiwa tumechelewa. La kwanza ni alama zetu. Kwetu asilimia 70 ni fahari, ni daraja la "distinction", na familia inachinja kuku. Aliyepata 65 amefaulu vizuri katika darasa ambalo nusu wameanguka. Mmarekani akiona 65 anadhani ni mtu aliyeponea chupuchupu. Kwa hiyo asilimia peke yake haitoshi katika wasifu. Andika wewe ni wa ngapi kati ya wangapi, kwa mfano wa 3 kati ya 140, na namba hiyo mtu wa nchi yoyote anaielewa. La pili ni shahada yenyewe. Katika mfumo wetu wa zamani mtu alisoma miaka mitatu ya graduat na miwili ya licence, na katika mfumo wa LMD (licence, master, doctorat) unaoingizwa vyuoni mwetu miaka hii, licence ni miaka mitatu. Neno ni lilelile, uzito ni tofauti, na msomaji wa mbali hawezi kujua unasema lipi, basi andika idadi ya miaka. Na wasifu uwe ukurasa mmoja. Nimeona wa kurasa tano, wenye hali ya ndoa, majina ya wazazi na cheti cha ubatizo.

La tatu linanikasirisha zaidi, na hilo si kosa la mwanafunzi. Makampuni haya hupokea maombi karibu mwaka mzima kabla ya siku ya kuanza kazi, na fomu inauliza utamaliza masomo mwezi gani. Mwanafunzi wetu hajui. Mwaka wa masomo unaanza kwa kuchelewa, mgomo wa maprofesa unauongezea miezi, matokeo yanabandikwa ukutani siku ambayo hakuna aliyeitangaza, na shahada iliyochapishwa inasubiriwa kwa muda mrefu kuliko yote hayo. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza nafasi ya mafunzo ya kazi ya miezi mitatu kwa sababu ofisi moja ya chuo, ambayo sitaitaja, ilikawia kunipa karatasi ya mistari miwili inayosema kwamba bado ni mwanafunzi. Mwenye mamlaka akisoma barua hii, karatasi ile haigharimu chochote.

Kuhusu lugha sitasema mengi. Bila Kiingereza hakuna Johannesburg wala Nairobi. Lakini tusisahau kwamba Kifaransa chetu nacho ni mali, kwa kuwa ofisi ya Casablanca, huko Morocco, ambapo McKinsey na BCG zote zipo, inahitaji watu wanaoweza kuandika ripoti kwa Kifaransa bila mkalimani. Na mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa uko umbali wa kilomita takriban 90 kutoka hapa. Mmoja wa vijana wangu wa Jumamosi amejifunza kuongea Kiingereza kwa kukaa na madereva Wazambia wanaosubiri zamu ya kupakua. Lafudhi yake ni ya barabarani, lakini hakwami.

Tena si lazima mtu aingie kwa mlango wa mbele akiwa na miaka ishirini na mbili. Makampuni makubwa ya ukaguzi wa hesabu, kama Deloitte, EY na KPMG, yanafanya kazi nchini mwetu na yana vitengo vya ushauri. Huko jina la chuo cha hapa linajulikana, kwa sababu waliotangulia wamesoma hapohapo. Mimi nilipitia huko. Wapo wanaouona mlango huo kuwa wa nyuma, lakini James O. McKinsey, aliyeanzisha kampuni yenye jina lake mwaka 1926, alikuwa mwalimu wa uhasibu katika Chuo Kikuu cha Chicago, kwa hiyo anayeingia katika ushauri kwa kupitia vitabu vya hesabu anafuata nyayo za mwenye nyumba. Ofisi za udhibiti wa gharama na za manunuzi katika makampuni ya migodi ya Likasi na Kolwezi nazo ni shule nzuri. Wengi wanaofanya kazi katika makampuni makubwa ya ushauri waliingia baada ya miaka michache ya kazi kama hizo, au baada ya shahada ya pili ya biashara.

Hata kabla ya kuajiriwa kazi ipo. Sheria ya mwaka 2017 kuhusu kandarasi ndogo imetenga kazi hizo kwa makampuni yenye mitaji ya Wakongomani kwa sehemu kubwa, na matokeo yake ni kwamba mjini mwetu kuna mamia ya wafanyabiashara wadogo wanaotaka kuingia kwenye zabuni za migodi na hawajui kupanga hesabu zao zikaeleweka. Vijana wa Jumamosi walimsaidia mama mmoja mwenye tanuri la mikate, aliyekuwa na hakika kwamba hasara yake inatokana na bei ya unga. Walikaa naye siku sita wakiandika kila kitu kwenye daftari: mifuko, hamira, mikate iliyorudi, saa za jenereta. Unga haukuwa na kosa. Alikuwa akiwasha jenereta saa tisa usiku kwa kuhofia umeme utakatika, hata siku ambazo haukukatika, na mafuta ya saa hizo ndiyo yaliyokuwa yakila faida. Walimwambia hivyo kwa Kiswahili, kwa dakika tano, akabadilisha saa. Kazi hiyo moja ina uzito kwenye wasifu kuliko uanachama wa vyama vitatu vya wanafunzi, kwa sababu msaili akiuliza "ulifanya nini hasa", jibu lipo na lina namba.

Linabaki shtaka la kuuza maneno. Hapa simpingi mzazi moja kwa moja, kwa kuwa watu wa Katanga tuna haki ya kuwatazama washauri kwa jicho la pembeni. Mwaka 2003 mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharimiwa na Benki ya Dunia ulianza kuwatoa kazini wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, na hakuna familia kubwa katika mji huu isiyokuwa na mmoja wao. Wala jirani zetu hawajapona: mwezi Desemba 2024 McKinsey ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 122 ili kumaliza kesi ya hongo iliyohusu mashirika ya umma ya Afrika Kusini. Binti wa Katuba anapaswa kuyajua haya kabla hajavaa tai, au chochote wanachovaa mabinti kwenye usaili. Lakini mipango ya namna hiyo itaendelea kuandikwa, awepo asiwepo. Aliyekulia katika nyumba iliyotegemea mshahara wa mgodi atauliza, kabla ya jedwali la tatu, hospitali ya kampuni itabaki wazi kwa nani na watoto watasoma wapi mwezi wa tisa. Nimekaa katika vyumba ambamo swali hilo halikuulizwa na mtu yeyote mpaka nilipoliuliza mimi, na hawakuwa watu wabaya, hawakulijua tu.

Kwa vitivo vyetu vya uchumi nina ombi ambalo halihitaji bajeti. Kila kitivo kiwe na daftari moja, hata la mkono, la waliomaliza na mahali wanapofanya kazi, na mwanafunzi aruhusiwe kulisoma. Mimi nilitumia karibu mwaka kuwatafuta watu wanne ambao wote, nilikuja kujua baadaye, walikuwa wamefundishwa na profesa mmoja aliyekuwa na namba zao za simu.

Na kwa mzazi: ofisi ya gazeti hili inajua pa kunipata. Mlete binti yako Jumamosi, saa tatu. Aje na kalamu na karatasi zisizo na mistari, kikokotoo akiache nyumbani, na kama anajua bei ya gunia la makala wiki hii, wenzake wanaihitaji, maana hesabu ya Katuba hatujaimaliza.

Wenu msomaji,
Kampemba, Lubumbashi